Shajara ya mradi: nakala rudufu (bakapu) za ofisi nzima, Kariakoo hadi Dodoma

Nitaongeza maelezo hapa kila hatua ikikamilika, pamoja na bei na makosa, ili ofisi nyingine yenye ukubwa kama wetu iige bila kulipia makosa yaleyale. Sisi ni kampuni ya kusambaza dawa na vifaa tiba. Makao makuu yapo Kariakoo, matawi yapo Dodoma na Mwanza, wafanyakazi 62. TEHAMA ni watu wawili: mimi Dar na mwenzangu mmoja Dodoma. Data yote, yaani mafaili na mashine pepe tisa (kompyuta za kiprogramu zinazoishi ndani ya seva), ni terabaiti 4.2.

Chanzo cha mradi ni swali la Mkurugenzi. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka hapa Kariakoo na watu wakapoteza maisha. Wiki iliyofuata Mzee aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaniuliza: "Lingekuwa hili letu, na sisi tumetoka salama, Jumatatu tungefanya kazi na nini?" Nikamjibu kuwa bakapu ipo. Nilijibu nikiamini.

13 Januari 2025: Tulichokuwa nacho

Kabla ya kupanga kipya nilitaka kujua cha zamani kinafanyaje kazi. Palikuwa na diski ya nje imechomekwa kwenye seva kuu, na skripti inayoamka kila usiku saa 7, inatoa nakala ya hifadhidata ya stoo na uhasibu kwa amri ya mysqldump, inabana kwa gzip, kisha inanitumia barua pepe: "Imefanikiwa." Nilikuwa nazipokea barua hizo kila asubuhi.

Leo nimejaribu kurejesha. Faili la jana lilikuwa na ukubwa wa baiti 20. La juzi, baiti 20. Nikarudi nyuma mpaka faili la 18 Agosti 2024, ambalo lilikuwa gigabaiti 3.1. Kuanzia tarehe 19 Agosti ni baiti 20 tupu, kwa siku 147.

Siku ile tulibadilisha nenosiri la hifadhidata, na skripti ikabaki na la zamani. Kila usiku mysqldump ilikataliwa mlangoni, haikutoa kitu, na gzip ikabana hewa. Baiti 20 ni ukubwa wa faili la gzip lisilo na chochote ndani. Na kwa kuwa amri mbili zikiunganishwa kwa bomba, yaani tokeo la moja likiingia kwenye nyingine, bash (programu inayoendesha skripti) hupokea jibu la amri ya mwisho tu, gzip ilijibu kuwa kazi imekwenda vizuri, nayo skripti ikanitumia pongezi. Akiba haiozi, tulifundishwa. Hii ilikuwa imeoza tangu Agosti.

Tiba ni mistari michache, igeni leo hata kama hamna mradi wowote:

- `set -o pipefail` juu ya skripti, ili amri yoyote ikishindwa bomba zima lihesabiwe limeshindwa.
- Skripti ikatae kusema "imefanikiwa" kama faili la leo ni dogo kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko la jana.
- Mstari wa mwisho wa dampo (faili linalotolewa na mysqldump) lazima usomeke "Dump completed". Usipokuwepo, dampo limekatika njiani.

Sikwenda nyumbani mpaka hifadhidata yote ilipoingia kwenye diski mbili tofauti, moja nikaondoka nayo. Kisha nilimweleza Mkurugenzi ukweli wote. Ilikuwa lazima asikie kutoka kwangu.

Nimesoma tena taarifa ambayo GitLab walichapisha baada ya tarehe 31 Januari 2017, pale mhandisi wao alipofuta hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi na kunakili data, na hakuna iliyokuwa ya kutegemewa. Dampo zao zilikuwa zinashindwa kimya kwa sababu ya toleo la zamani la pg_dump, amri yao ya kutoa dampo, na barua pepe za tahadhari zilikuwa zinakataliwa na seva ya barua. Kilichowaokoa ni picha ya diski iliyochukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla ya ajali. Kama kampuni ya watu wa programu ilifikwa na hayo na ikathubutu kuyasema hadharani, na mimi nina wajibu wa kuyasema yangu.

20 Januari: Kuuliza watu

Nilikuwa na orodha yangu kichwani: uhasibu kwanza, barua pepe pili, stoo tatu. Kisha nikapita idara kwa idara na maswali mawili tu. Mfumo ukipotea, mnaweza kurudia kwa mkono kazi ya muda gani? Na mnaweza kukaa muda gani bila mfumo kabla kazi haijasimama?

Mhasibu Mkuu akasema siku mbili, kwa utulivu kabisa, isipokuwa mwisho wa mwezi. Risiti na hati za benki zipo, wataingiza upya. Mkuu wa stoo, ambaye sote tunamwita Mama Stoo, alinishika mkono akanipeleka kwenye rafu. Akachukua katoni ya sindano, akanionyesha namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. "Mwanangu, hii haitoki hapa mpaka mfumo uniambie ni toleo gani na linakwenda wapi. Kesho wakisema toleo hili lirudishwe, nitamtafutia nani?" Kwake saa nne bila mfumo ni nyingi, na kupoteza zaidi ya saa moja ya kumbukumbu hakukubaliki.

Orodha yangu ikapinduka. Stoo ndiyo ya kwanza: kupoteza kusizidi saa 1, kurudi kazini ndani ya saa 4. Uhasibu siku 1 na siku 2. Mafaili ya kawaida siku 1 na siku 3.

Mengine yaliyojitokeza humohumo: kitabu chote cha bei za zabuni kilikuwa kwenye kompyuta mpakato ya mtu mmoja, juu ya uso wa skrini, hakipo kwenye seva kabisa. Kumbukumbu za kodi lazima zikae miaka mitano kisheria, kwa hiyo nakala za mwisho wa mwaka zitatunzwa muda huo. Na faili za wafanyakazi ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ambayo ina masharti yake kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Hilo limeathiri uamuzi unaofuata.

3 Februari: Mpango umepita

Tunafuata kanuni ya 3-2-1 iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh: nakala tatu, aina mbili za hifadhi, moja iwe mbali.

Wengi mtauliza kwa nini tusiweke vyote kwenye wingu tukalala. Nilipiga hesabu. Laini yetu ni megabiti 20 kwa sekunde, sawa na gigabaiti 9 kwa saa. Terabaiti 4.2 zingechukua siku 19 kupanda, na, hili ndilo watu husahau, siku 19 kushuka. Mama Stoo amenipa saa nne. Tena tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na kila aliyekuwa kazini siku zile anakumbuka intaneti ilivyokuwa.

Kwa hiyo nakala ya kwanza iko hapahapa Kariakoo, kwa ajili ya kurejesha haraka. Ya pili iko tawi la Dodoma, kilomita zaidi ya 400 kutoka hapa, inayofikika kwa nyaya za ndani ya nchi. Ya tatu ni diski za nje tatu zinazobadilishana zamu kila wiki, zinachomolewa na kufungiwa kwenye kasha la chuma. Umbali si mapambo. Moto wa kituo cha OVHcloud mjini Strasbourg tarehe 10 Machi 2021 uliteketeza seva za wateja, na baadhi yao bakapu zao zilikuwa kwenye jengo hilohilo.

Programu ni Proxmox Backup Server, kwa sababu mashine zetu pepe tayari ziko kwenye Proxmox, programu ya kuendesha mashine pepe, na leseni yake ni huria. Unalipia msaada ukitaka.

Uamuzi ambao ningeomba msiuruke: Dodoma ndiyo inayovuta data kutoka Dar. Dar haina nenosiri la Dodoma. Mtu au kirusi cha kudai fidia akishika akaunti ya msimamizi hapa, hana njia ya kufikia nakala za kule na kuzifuta. Hata seva za Dar zenyewe zina haki ya kuongeza nakala tu, hazina haki ya kufuta.

Bajeti iliyopitishwa: TSh 18,500,000.

24 Februari: Diski zisizofaa

Hili limenigharimu kuliko yote, nalieleza kwa kirefu.

Nilinunua diski sita za terabaiti 8 kwa TSh 480,000 kila moja. Bei nzuri, muuzaji mwenye jina dukani. Nikaziunganisha kwa ZFS, mfumo wa kuendesha diski nyingi kama hifadhi moja, katika mpangilio wa RAIDZ2, ambao unavumilia diski mbili kufa kwa pamoja. Nakala ya kwanza iliingia kwa kasi ya kuridhisha. Ningeishia hapo, nisingejua kitu.

Lakini nilikuwa nimejiwekea sharti kwamba kila kinga lazima ijaribiwe, basi nikachomoa diski moja makusudi, nikaweka nyingine ya akiba, nikaacha ZFS ijenge upya. Saa ya kwanza ilikwenda megabaiti 150 kwa sekunde. Baada ya chakula cha mchana ilikuwa 40. Jioni ilikuwa inacheza kati ya 6 na 11, na makadirio yakasoma siku 8. Siku nane ambazo diski nyingine mbili zikifa, kila kitu kimekwenda.

Nilipotafuta namba ya modeli kwenye karatasi za kiwandani nikakuta ni diski za SMR. Kwenye diski ya kawaida, ambayo huitwa CMR, kila njia ya data ina nafasi yake. Kwenye SMR njia zimelaliana kama makuti ya paa ili zienee nyingi. Kusoma hakuna shida. Lakini ukitaka kubadilisha kuti moja la katikati lazima uinue yaliyolilalia, kisha uyapange upya. Diski huficha kazi hiyo kwenye sehemu ndogo ya akiba. Akiba ikijaa, kasi inaanguka. Kwa mtu anayehifadhi picha za harusi ni diski nzuri tu. Kwa ZFS hazifai.

Juu ya boksi hakuna neno hilo. Ulizeni namba ya modeli kabla ya kulipa, mtafute karatasi yake ya kiufundi, msome mstari wa teknolojia ya uandishi. Pakiwa hapajaandikwa CMR, msinunue.

Muuzaji alizichukua tena kwa makato ya asilimia 15, yaani TSh 432,000 zimepotea. Za CMR ni TSh 690,000 kila moja. Nimenunua sita za Dar na nne za Dodoma. Jaribio lilelile la kuchomoa diski sasa linakamilika usiku mmoja.

17 Machi: Majedwali yasiyokubaliana

Kusimika seva, kugawa mtandao, UPS, ratiba: wiki mbili, hakuna la kusimulia.

Hifadhidata ndiyo iliyotuchelewesha. Tunachukua mashine pepe nzima, na pembeni dampo la mysqldump kila saa moja. Nilirejesha dampo la mchana kwenye mashine ya majaribio, nikahesabu majedwali, 214, yametimia. Idadi ya mistari inaridhisha. Nikaandika "sawa".

Kisha nikamwomba Mama Stoo aje aangalie kwa macho yake. Alikaa, akafungua taarifa ya kutoka kwa bidhaa, akavuta miwani, na haikuchukua dakika kumi. "Hizi katoni arobaini za amoxicillin zimetoka, lakini ankara yake iko wapi?" Mistari mitatu ya kutoka stoo haikuwa na ankara. Kwenye mfumo halisi ankara zote tatu zilikuwepo.

Chaguo la `--single-transaction` hupiga picha ya wakati mmoja, lakini kwa majedwali ya aina ya InnoDB tu. Mfumo wetu ni wa zamani, na majedwali 11 yalikuwa bado ni MyISAM, likiwemo la mizunguko ya stoo. Ankara zilipigwa picha saa 6:30 mchana. Mizunguko ilisomwa saa 6:41, ikiwa na mauzo ya dakika kumi na moja zaidi. Ningerejesha nakala hiyo siku ya balaa, dawa zingeonekana zimetoka kwenda pasipojulikana.

Tulibadilisha majedwali yote 11 kuwa InnoDB, baada ya mtengenezaji wa mfumo kuthibitisha kwa maandishi kuwa hakuna kitakachoharibika. Ilikuwa Ramadhani, tukapanga saa 5 usiku baada ya tarawehe. Kazi yenyewe dakika 40. Mlinzi wa jengo alituletea uji wa daku, na namshukuru.

Tangu siku hiyo, hakuna nakala inayoitwa nzima mpaka mwenye data ameifungua na kuisoma.

14 Aprili: Data yapanda treni

Baada ya kubanwa na kuondolewa marudio, terabaiti 4.2 zilibaki 2.6. Kwa laini yetu hizo bado ni siku 12. Toleo la 3.3 la Proxmox Backup Server limeruhusu hifadhi zinazochomoleka, basi tukanakili yote kwenye diski moja ya nje, ikiwa imesimbwa kwa ufunguo, nikapanda nayo SGR asubuhi kwenda Dodoma. Mkoba ulikaa mapajani mwangu Pugu hadi Dodoma. Mchana huohuo data ilikuwa inaingia kwenye seva ya kule, na tangu hapo kinachopita kwenye laini ni mabadiliko ya siku tu, wastani wa gigabaiti 11, saa moja na robo hivi kila usiku.

Chumba cha Dodoma hakina kiyoyozi na vumbi ni jingi. Siku ya pili diski zilisoma nyuzi 54. Tumeinua seva kutoka sakafuni, tumeweka feni ya kutoa hewa na chujio dirishani, sasa ni 41.

12 Mei: Zoezi la kwanza limeshindwa

Jumamosi tarehe 10 tulijifanya makao makuu hayapo. Niliagiza swichi kuu ya Dar izimwe saa 2 asubuhi. Mwenzangu wa Dodoma ndiye aliyerejesha, kwa kufuata mwongozo nilioandika. Mimi nilikaa pembeni yake na daftari, nimejizuia kusema.

Jambo la kwanza alilouliza: "Kaka, mwongozo uko wapi?" Ulikuwa kwenye folda ya pamoja, kwenye seva iliyozimwa.

Nikampa nakala ya simu yangu. Akaendelea vizuri mpaka alipochagua mashine ya stoo na mfumo ukaomba ufunguo wa usimbaji. Ufunguo ulikuwa ndani ya seva ya Dar. Tulikuwa tumefungia funguo ndani ya nyumba tuliyojifanya imeungua. Kama lingekuwa tukio la kweli, nakala zote Dodoma na kwenye kasha zingekuwa salama, nzima, zimehakikiwa, na hakuna binadamu ambaye angezifungua. Nilipata baridi. Ilibidi kuwasha Dar kuuchukua, na hapo zoezi likahesabika limeshindwa, ingawa tuliendelea ili kujua yaliyobaki.

Yaliyobaki: leseni ya mfumo wa uhasibu imefungwa kwa namba ya kadi ya mtandao, na mashine iliyorejeshwa ilipewa namba mpya. Fundi wa leseni hakupatikana kwa saa mbili na nusu, ilikuwa wikendi. Na kompyuta za Dodoma zilikuwa bado zinaita seva kwa anwani ya Dar.

Jumla: saa 9 na dakika 40. Lengo ni saa 4.

Marekebisho:

- Ufunguo umechapwa kwenye karatasi kwa amri ya `paperkey`, pamoja na msimbo wa QR wa kuskani. Bahasha mbili zimefungwa kwa lakiri: moja kwa Mkurugenzi, moja kwa wakili wa kampuni Dodoma. Hakuna inayokaa na seva.
- Mwongozo umechapwa, kurasa 9, upo ukutani Dodoma na nyumbani kwangu.
- Kurejesha sasa kunabakisha namba ya zamani ya kadi ya mtandao.
- Kompyuta zote zinaita seva kwa jina, na kubadilisha jina lielekee wapi ni hatua ya 4 kwenye mwongozo.

28 Mei: Hifadhi ilikaribia kujaa

Seva ya Dar ilifika asilimia 91. Nilikuwa nimepanga nakala za zamani ziondolewe, na zilikuwa zinaondolewa, lakini kuondoa kunafuta orodha tu. Vipande vya data hubaki mpaka kazi ya kukusanya taka ipite. Sikuwa nimeipa ratiba. Tena vipande vilivyoguswa ndani ya saa 24 zilizopita na dakika 5 haviguswi, hivyo usitegemee nafasi papo hapo. Sasa inapita kila Jumapili alfajiri, na uhakiki wa vipande vyote kila mwezi. Tumerudi asilimia 58.

16 Juni: Zoezi la pili

Jumamosi tarehe 14, utaratibu uleule. Bahasha ya wakili ilifunguliwa mbele ya meneja wa tawi. Mfumo wa stoo ulifunguka Dodoma baada ya saa 3 na dakika 25. Mama Stoo alikuwa kwenye simu ya video, aliomba aonyeshwe toleo moja la sindano alilolitoa Ijumaa saa 10 jioni, akalisoma tarakimu kwa tarakimu, akasema, "Ndilo." Nimeandika muda huo kwenye fomu, yeye akasaini Jumatatu.

Gharama mpaka leo, kwa shilingi:

- Seva ya Dar: 5,200,000
- Seva ya Dodoma: 4,100,000
- Diski kumi za CMR: 6,900,000
- Makato ya diski za kwanza: 432,000
- Diski tatu za nje: 1,350,000
- UPS mbili: 1,300,000
- Kasha la chuma: 980,000
- Safari mbili za Dodoma: 410,000
- Jumla: 20,672,000

Tumezidi bajeti kwa TSh 2,172,000. Tofauti ya bei ya diski kumi, pamoja na yale makato, ni TSh 2,532,000 peke yake. Ningesoma karatasi ya kiwandani mwezi Februari, bajeti ingeombwa sahihi tangu mwanzo.

Bado: Mwanza haijaunganishwa, mafaili yao wananakili kwa mkono kila Ijumaa. Kompyuta mpakato 14 za maofisa mauzo hazina bakapu yoyote zaidi ya kitabu cha bei kilichohamishiwa kwenye seva. Nakala ya miaka mitano ya kodi inasubiri mwaka wa fedha ufungwe.

Zoezi la tatu ni Jumamosi tarehe 13 Septemba. Litafanywa na Dodoma peke yao. Mimi simu yangu itakuwa imezimwa, na meneja wa tawi ameshajulishwa.